Vigingi Vyekundu Uani kwa Keynan

Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 1998, mwanzoni mwa hagaa, msimu wa upepo na vumbi ambao katika mji wa Garissa hufuata mvua za masika. Mafuriko yaliyotukumba mwishoni mwa mwaka uliotangulia yalikuwa yamekwisha kuondoka, lakini Mto Tana ulikuwa umepita katika bustani zetu za ukingoni kama kifutio kipitavyo ubaoni. Nyua, mitaro na mawe ya mpaka, vyote vilifutika, na kila mtu akabaki na kumbukumbu yake mwenyewe ya mahali palipokuwa pake.

Bustani yangu ilikuwa nyuma ya nyumba, ikiteremka hadi mtoni. Marehemu mume wangu alipewa na wazee kwa neno la mdomo. Karatasi hatukuwa nayo. Ndani yake mlikuwa na mipapai, migomba na matuta ya bamia, na mazao hayo ndiyo yaliyonilisha tangu nilipostaafu ualimu. Mwanangu Aweys, aliyefanya kazi Wajir, aliniandikia barua kila mwezi akinisihi nikaishi kwake. Nilifahamu vema kwamba siku ambayo ningepokonywa bustani ile ndiyo siku ambayo ningepandishwa lori kwenda kukaa katika chumba cha nyuma kwa mkaza mwanangu, nikiomba chumvi katika jiko la mwanamke mwingine.

Jirani yangu wa upande wa kusini aliitwa Keynan. Alikuwa amefanya kazi katika reli kwa miaka thelathini na mmoja, Nairobi, Voi na Mtito Andei, akiwa nyapara wa genge la watengeneza njia, kisha akarudi Garissa, mji usio na reli hata moja, kurithi uwanja wa marehemu kaka yake. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, atembeaye kana kwamba anazihesabu hatua zake. Wakati wa mafuriko mimi nilikimbilia Wajir; niliporejea mwezi wa Machi nilikuta Keynan amekwisha kuujenga upya ua wa miiba uliotutenganisha. Nilimshukuru. Baadaye nilijuta kwamba nilitoa shukrani kabla ya kukagua.

Jambo lilianza asubuhi moja nilipokuwa nikimwagilia bamia. Katika ua wa miiba mlikuwa na tundu lililotosha jicho moja, na jicho langu likamwona Keynan amepiga magoti juani, pimamaji mkononi, akiutazama uzi mweupe uliovutwa kati ya vigingi. Vigingi vilikuwa vingi. Vingine vilipakwa chokaa. Vingine, vilivyosimama katikati ya tuta lake la vitunguu, sambamba na ua wangu, vilipakwa rangi nyekundu. Nilivihesabu mara mbili: vyeupe kumi na vinne, vyekundu vitano.

Sahro, muuza maziwa ya ngamia, alipokuja na mtungi wake nilimweleza. Sahro alikuwa rafiki yangu, ingawa ulimi wake ulifika katika kila nyumba kabla ya maziwa.

"Vyekundu umeviona kwa macho yako?" aliuliza.

"Kwa jicho langu moja. Tundu ni dogo."

"Subhanallah! Mtaani kwa dada yangu mambo yalianza hivyo hivyo. Vigingi Jumatatu, barua Alhamisi, trekta wiki iliyofuata. Mpaka leo dada yangu anapika chini ya turubai." Alinimiminia maziwa, akaongeza ya bure, jambo ambalo hakulifanya ila alipomhurumia mtu. "Mtu hasimamishi vigingi ili kuupendezesha uwanja, Jawahir. Na huyu wako amekaa na serikali miaka thelathini. Anajua milango ya ofisi zote."

"Huenda anajenga choo."

"Choo chenye vigingi kumi na tisa? Atakaa nani humo, kikosi?"

Alasiri nilikwenda uani, nikakohoa kwa adabu, nikamwita jirani yangu juu ya miiba.

"Assalamu alaykum, Keynan."

"Wa alaykum salaam, abaayo Jawahir." Aliniita dada, kama ilivyo desturi yetu, lakini aliinuka upesi mno, akasimama mahali ambapo mwili wake ungekificha kile kilichokuwa nyuma yake.

"Naona unapima."

"Napima kidogo."

"Mtu hapimi kidogo. Ama anapima, ama hapimi."

Alicheka. "Ni kweli, mwalimu. Napima."

"Unapima nini?"

"Kitu cha uani tu. Hakina maana. Kikiisha utakiona, insha'Allah."

"Na hivi vyekundu?"

Hapo kicheko kilimwisha. Alivitazama vigingi, kisha vitunguu, kisha viatu vyake. "Hivyo tutavizungumza," alisema. "Acha kwanza vitunguu vikomae."

Nilirudi ndani nikiwa na wasiwasi zaidi kuliko nilivyotoka. Nimefundisha watoto miaka ishirini na sita. Namjua mtu anayeficha kitu nyuma ya mgongo. Na vitunguu vina uhusiano gani na mpaka wa mtu? Niliwaza hadi nikapata jibu lililoniridhisha kwa ubaya wake: vitunguu vile vilibakiza wiki nne kukomaa, na wiki nne ndizo zinazotosha karatasi kusafiri kutoka meza moja hadi nyingine.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikienda kwenye tundu lile kila asubuhi na kila alasiri. Nilichokiona hakikunituliza. Keynan alileta magunia ya kokoto kutoka mtoni, akazichekecha, akazimwaga katika mstari mwembamba uliozunguka kisima chake. Alileta mikanda ya chuma, ile inayofunga robota za mitumba, akainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Upepo ulipovuma alifunika kazi yote kwa turubai, na nikajiambia kwamba upepo ni kisingizio. Chuma ni cha uzio. Kokoto ni za msingi. Aliyeweka msingi hatoki.

Kisha akaja kijana mmoja nisiyemjua, mwenye miwani na mkoba mweusi. Wawili wale walichutama, wakatandaza karatasi kubwa chini, wakaikandamiza kwa mawe manne. Nilisogeza jicho hadi miiba ikanichoma shavu. Juu ya karatasi ile niliona duara la kisima, nikaona kisiki cha mkoma ulioangushwa na mafuriko, nikaona mstari mwekundu, na kando ya mstari huo, upande wa kwangu, herufi moja kubwa: J.

"Hapa ndipo inapopinda," Keynan alikuwa akisema.

"Kwa nini ipinde, mzee? Ingenyooka ingekuwa nzuri zaidi."

"Haiwezi. Hapa ni pa yule mama."

"Na yeye hajui?"

"Hajui. Nitamwambia wakati ukifika."

Kijana alicheka. "Akijua mapema, vitunguu vyako kwaheri."

Mwanafunzi wa darasa la pili angeisoma herufi ile: J ni Jawahir. Nilikuwa nimechorwa, nimepimwa na kuchekwa, nami nimesimama pale na shavu linalotoka damu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, Keynan akiwa miongoni mwao, niliuvuka ua. Niliinua miiba kwa fimbo, nikaingia katika tuta lake la vitunguu, nikaving'oa vigingi vyekundu vyote vitano. Kisha nikang'oa vyeupe vilivyokuwa karibu. Turubai sikuligusa, kwani nilidhani nimekwisha kuyajua yaliyokuwa chini yake. Nilivifunga vigingi ndani ya mtandio wangu wa zamani, nikaenda kusimama njiani, mahali ambapo watu watokao msikitini hupita.

Walipotokea, nilimwona Keynan katikati yao akizungumza na mzee Korane, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka themanini na ambaye mtaa wetu ulimfanya mwamuzi wa ugomvi wake wote. Nilivitupa vigingi miguuni pa Keynan.

"Chukua vitu vyako, mwizi!" nilisema, na sikuipunguza sauti. "Mwizi wa ardhi ya mjane! Umeswali Ijumaa, na mkononi una uzi wa kunipimia kaburi!"

Watu walisimama. Mtu mmoja alisema, "Astaghfirullah." Sahro, ambaye siku zote huwa mahali panapotokea jambo, aliweka mtungi wake chini ili asikie vizuri.

Keynan hakunijibu kwa hasira. Aliinama, akaviokota vigingi, akaviangalia kimoja kimoja. "Umevitoa vyote?" aliuliza polepole. "Hata hivi vyekundu?"

"Hata hivyo vyekundu. Hasa hivyo."

Alifumba macho. "Basi umejidhulumu, abaayo."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Nakuambia tu."

Mzee Korane aliinua bakora yake kati yetu. "Basi! Neno hili ni zito, halisemwi njiani likaachwa njiani. Kesho, baada ya swala ya alasiri, tutakutana uwanjani kwa Keynan. Jawahir, utaleta ushahidi wako. Keynan, utafungua kila kitu ulichokifunika."

Keynan alivikusanya vigingi kifuani. "Kila kitu, adeer?" alimwuliza mzee, kwa neno lile tunalomwitia baba mdogo.

"Kila kitu."

Sikulala vema. Neno lake, kwamba nimejidhulumu, lilikuwa kama punje ya mchanga machoni. Kama ni tisho, lilikuwa tisho la ajabu, kwa kuwa alilisema kama mtu anayenihurumia. Huruma ya mwizi, nilijiambia, ni ujanja wa mwisho alionao.

Siku ya pili uwanja wake ulijaa watu. Kijana mwenye miwani alikuwapo, na mkoba wake. Nilimnyooshea kidole kabla hata ya salamu kuisha.

"Huyu ndiye mtu wa ofisi ya ardhi!"

Kijana aliduwaa. "Mimi, mama? Mimi ni Abdikarim, fundi wa redio. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la mifugo." Aliufungua mkoba, na humo hamkuwa na karatasi hata moja, bali bisibisi, nyaya na matumbo ya redio ya kaseti.

Watu walianza kunong'ona. Mzee Korane alitikisa bakora. "Keynan. Turubai."

Keynan aliondoa mawe, akalikunja turubai taratibu, uso umemwiva kama bwana harusi. Chini yake kulikuwa na reli.

Sikosei neno: ilikuwa reli, isipokuwa upana wake ulitoshana na kiganja changu. Ile mikanda ya chuma ilikuwa imesimamishwa kwa ukingo wake, sambamba, juu ya mataruma ya mbao yaliyokatwa kutoka katika masanduku ya sabuni, kila taruma limelala juu ya kokoto. Njia ilizunguka kisima, ikapita chini ya mpapai, ikavuka mtaro wa maji juu ya daraja la spoku za baiskeli. Kulikuwa na stesheni tatu za udongo zenye vibao vilivyoandikwa kwa mwandiko mzuri: Voi, Mtito Andei na, kando ya kisima, Garissa. Mbele ya Garissa lilisimama garimoshi lililotengenezwa kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, limepakwa rangi ya damu ya mzee, likiwa na mabehewa manne nyuma yake.

Watu waliinama kuvisoma vibao. Kisha Sahro akasema, "Garissa haina stesheni."

"Hii ndiyo iliyo nayo," alijibu Keynan.

"Na hili litambeba nani, panya?"

Kicheko kililipuka, na Keynan akakipokea kichwa chini, kama mtu anayenyeshewa. Abdikarim alipachika betri za tochi ndani ya behewa la kwanza. Mota ya redio ikavuma, na garimoshi likaondoka Garissa, likipiga kelele kama nyuki katika chupa, likavuka daraja. Nakiri kwamba wazee watatu walilifuata kwa kuchutama.

"Keynan," alisema mzee Korane, akiwa amelitazama likipita mara ya pili, "kwa nini hukumwambia jirani yako?"

"Ningemwambia nini, adeer? Kwamba mtu wa miaka sitini na mitatu anapiga magoti juani akitengeneza garimoshi la mikebe? Mji huu unajua kutoa majina. Mjomba wangu alijikwaa na sahani ya wali akiwa kijana, na hadi tunamzika aliitwa Wali. Jina likikupata hapa, hulivui."

Mzee Korane, ambaye watu walimwita Korane Mguu kwa sababu ya ngamia aliyemkanyaga zamani, hakucheka. "Na vigingi?"

"Vyeupe vilikuwa vya mchezo huu. Vyekundu vilikuwa vya kweli." Aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama. "Reli haijengwi kwa kukisia. Nilihitaji kujua uwanja wangu unaishia wapi. Marehemu kaka yangu aliniachia barua: kutoka ukingo wa kisima hadi kisiki cha mkoma ni futi mia na kumi, na kutoka kisiki hicho mpaka huenda sawa hadi mtoni. Nilipima mara tatu. Baada ya mafuriko niliujenga ua wa miiba kwa macho, nami nilikosea. Futi sita za ardhi hii, kutoka hapa hadi mtoni, ni za Jawahir."

Nilisikia watu wakigeuza vichwa kunitazama. Sikuwa na pa kuviweka vidole vyangu.

"Vigingi vyekundu vilionyesha mpaka wake," aliendelea. "Hapo nina kosa. Nilipogundua, nilikuwa nimekwisha kupanda vitunguu katika ardhi hiyo. Nikasema moyoni, nivune kwanza, kisha niseme. Vitunguu ndivyo vilivyonifunga mdomo."

"Barua inataja kisiki tu, na sasa vigingi vya mpaka wenyewe vimeng'olewa," alisema mzee Korane, akitazama tuta lililovurugwa na fimbo na miguu yangu. "Na upepo umefagia. Tutajuaje?"

Hapo nilielewa maana ya kujidhulumu. Ushahidi pekee uliokuwapo ardhini juu ya haki yangu niliung'oa kwa mikono yangu na kuutupa njiani. Iwapo mtu niliyemwita mwizi angesema sasa kwamba hakumbuki, hakuna ambaye angeweza kumbishia, hata mimi.

Keynan alichutama kando ya reli. "Tazameni," alisema. "Njia hii ingekuwa duara. Abdikarim aliniambia niinyooshe ipite hapa. Sikukubali kulaza taruma katika ardhi isiyo yangu. Nikaipinda, na katika upande huu wote nikaacha futi tatu kamili kutoka mpakani. Pimeni kutoka kwenye reli."

Walipima kwa utepe wake wa kazini. Futi tatu kutoka taruma la kwanza, Abdikarim alipangusa mchanga kwa kiganja, na tundu la kigingi likaonekana, lenye chembe za rangi nyekundu ukingoni. Futi tatu kutoka taruma la ishirini, tundu la pili. Walipofika la tano, mzee Korane alisema imetosha.

Alihukumu akiwa amesimama, kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu kuketi na kuinuka. Ua ungehamishwa futi sita kabla ya Ijumaa. Vitunguu vilivyosimama katika ardhi yangu vingegawanywa nusu kwa nusu, kwa sababu mbegu na jasho vilikuwa vya Keynan. Kisha akanigeukia.

"Nawe, Jawahir, umemwita Mwislamu mwizi mbele ya watu waliotoka kuswali. Neno hilo lina haal yake."

Haal ni malipo ambayo kwetu hulipwa kwa heshima iliyojeruhiwa. Bila hayo, watu wawili husalimiana kwa midomo tu.

"Kondoo mmoja jike," alisema mzee. "Kwa desturi, mwanamume wa ukoo wako ndiye alipaye. Mpelekee habari mwanao Aweys huko Wajir."

"Ulimi ulikuwa wangu, adeer," nilisema. "Kondoo atakuwa wangu."

Keynan aliinua mkono. "Mimi nimesamehe, wallahi. Homa imekwisha kuwamaliza kondoo wa watu tangu mafuriko. Naye atakuwa amebakiwa na wangapi?"

"Wawili," alisema Sahro, ambaye hakuulizwa.

"Umesamehe kwa hisani yako," nilimwambia Keynan. "Lakini deni lililosamehewa halijalipwa. Sitaki kupita mbele ya mlango wako kila siku nikiwa mtu aliyehurumiwa."

Asubuhi iliyofuata nilimfungua aliye bora kati ya wale wawili, yule mwenye kichwa cheusi na mkia mnono, nikampitisha njiani mchana kweupe, mbele ya watu wale wale. Watoto walikuwa wamekwisha kulipata jina. Nilisikia wakiimba "Stesheni, Stesheni" langoni kwa Keynan. Mzee Korane na Sahro walikuwa wakinisubiri uwanjani kama mashahidi. Vijana walikuwa wakiing'oa miiba ya ua na kuisogeza.

Keynan alitoka akifuta mikono yenye grisi.

"Ijumaa nilikuita mwizi," nilisema, kwa sauti ile ile niliyoitumia siku ile. "Neno hilo halikuwa kweli. Huyu ni haal yako."

Nilimnyooshea kamba. Alisita, akamtazama mzee Korane, na mzee akaitikia kwa kichwa kumwambia apokee. Keynan akaishika.

"Umepokea?" aliuliza mzee.

"Nimepokea."

Ndipo nilipoiachilia.